Rejista za wataalamu wa afya na ustawi wa jamii nchini Uingereza: tathmini ya mtumiaji

Nchini Uingereza, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia katika tovuti ya baraza la taaluma, akaandika jina la daktari, muuguzi au afisa ustawi wa jamii anayemhudumia, na papo hapo akajua kama mtu huyo anaruhusiwa kisheria kufanya kazi hiyo. Huduma hii ni ya bure na haimtaki mtumiaji ajiandikishe wala aeleze sababu ya kutafuta. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa huduma za umma zenye manufaa makubwa ambazo Waswahili tunaoishi huku tunazitumia kidogo mno, na ndiyo maana nimeamua kuitathmini kwa kirefu, nikieleza inachokupa, inachokuficha, na mahali ambapo haipo kabisa.

Nilianza kuzitumia rejista hizi kwa uhitaji. Mama mkwe wangu alipotoka hospitali baada ya kupooza upande mmoja wa mwili, nyumba yetu hapa England (moja ya nchi nne zinazounda Uingereza) ilianza kupokea watu kwa zamu: muuguzi wa jamii, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa matamshi na kumeza, mtaalamu wa kumrejesha mgonjwa katika kazi zake za kila siku, afisa ustawi wa jamii aliyekuja kupima mahitaji yake, pamoja na wahudumu wa asubuhi na jioni ambao kazi yao ni kumwogesha, kumvisha na kumlisha. Wote walivaa beji. Hata hivyo, beji hutolewa na mwajiri, na mzee asiyejua Kiingereza vizuri hawezi kuuliza maswali mwenyewe. Watoto wake ndio wenye wajibu wa kuwajua watu wanaoshika mwili wake na wanaoandika maamuzi kuhusu maisha yake.

Ugumu wa kwanza ni kujua pa kwenda, kwa sababu hakuna rejista moja. Sheria imeunda vyombo 10 tofauti. Madaktari wako chini ya GMC (General Medical Council), baraza ambalo chanzo chake ni Sheria ya Utabibu ya mwaka 1858. Wauguzi na wakunga wako chini ya NMC (Nursing and Midwifery Council). Taaluma 15, zikiwemo fiziotherapia, upigaji picha za eksirei, utaalamu wa lishe na huduma za dharura za ambulansi, zimewekwa pamoja chini ya HCPC (Health and Care Professions Council). Maafisa ustawi wa jamii wa England wana chombo chao, Social Work England, kilichoanza kazi tarehe 2 Desemba 2019 baada ya kazi hiyo kuondolewa HCPC. Madaktari wa meno, wafamasia, wapimaji wa macho na wengineo wana mabaraza yao pia. Kila chombo kina sheria yake, tovuti yake na namna yake ya kuandika hali ya mtu. Mwezi Aprili 2014 tume tatu za kurekebisha sheria, ya England na Wales, ya Scotland na ya Ireland Kaskazini, zilitoa ripoti ya pamoja na rasimu ya muswada uliokusudia kuviweka vyombo hivi chini ya mfumo mmoja wa kisheria. Muswada huo haukupelekwa bungeni, na marekebisho yaliyofuata yamekuwa yakija kipande kwa kipande. Kwa mgeni wa nchi, matokeo yake ni kwamba kabla hujamtafuta mtu inakubidi ujue kwanza sheria imemweka katika kundi gani.

Ukishapita hapo, huduma yenyewe ni nzuri. Rejista ya NMC ndiyo niliyoiona nyepesi kuliko zote. Unaweza kutafuta kwa jina au kwa namba ya usajili, nami nashauri sana utumie namba. Jibu linakuonyesha kama mtu amesajiliwa, ni muuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili au ni mkunga, usajili wake unaisha lini, kama ana sifa ya ziada ya kuandika dawa, na kama kuna masharti yoyote aliyowekewa. Nyuma ya mistari hiyo michache kuna kazi ambayo haionekani kwenye skrini. Tangu Aprili 2016 muuguzi hawezi kuhuisha usajili wake kila baada ya miaka mitatu bila kuonyesha kwamba amefanya kazi kwa saa zisizopungua 450 na kujiendeleza kimasomo kwa saa 35. Kwa hiyo ninaposoma kwamba usajili wa muuguzi wetu uko hai, ninasoma kwamba mtu huyu bado yuko kazini na bado anajifunza, jambo ambalo cheti kilichotundikwa ukutani tangu siku ya mahafali hakiwezi kuniambia.

Rejista ya HCPC inahitaji subira zaidi. Inakutaka kwanza uchague taaluma, kisha uandike jina la ukoo au namba, na hapo ndipo majina yetu yanapoleta shida. Mtu aliyezoea kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu hana jina la ukoo kwa maana wanayoijua Waingereza, na jina moja kama Mohamed huandikwa kwa namna nyingi, hivyo unaweza kumkosa mtu ambaye yumo. Nimeona pia kwamba rejista nilizotumia hazina picha. Hii ina maana kwamba rejista inathibitisha kuwa kuna mtu mwenye jina na namba hiyo ambaye amesajiliwa, lakini haithibitishi kwamba aliyesimama sebuleni kwako ndiye mwenyewe. Ni lazima ulinganishe na kitambulisho chake, na kuomba namba ya usajili hakuhesabiwi kuwa utovu wa adabu. Wataalamu wote niliowaomba walinitajia bila kinyongo, na mmoja alinishukuru kwa kuuliza.

Ya GMC ndiyo yenye maelezo mengi kuliko zote: mwaka na chuo alichopata shahada ya kwanza, kama yumo katika orodha ya mabingwa au ya madaktari wa familia, na kama ana leseni ya kutibu. Suala la leseni ni la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa daktari anaweza kuwa amesajiliwa lakini hana leseni, na katika hali hiyo haruhusiwi kutibu wala kuandika dawa. Tangu Desemba 2024 GMC inawasajili pia wasaidizi wa madaktari na wasaidizi wa wataalamu wa usingizi, ambao wagonjwa wengi walikuwa wakiwadhania kuwa ni madaktari. Kwa jambo hili rejista imekuwa msaada wa kweli. Kuhusu Social Work England sina la kulalamikia, isipokuwa kwamba maelezo yake ni mafupi.

Sasa nieleze jambo ambalo, kwa jamii yetu, lina uzito kuliko ubora wa tovuti zenyewe. Mara nyingi sheria ya Uingereza hailindi kazi, inalinda cheo. Ni kosa la jinai kujiita mtaalamu wa fiziotherapia bila kusajiliwa na HCPC, na vivyo hivyo kwa mtaalamu wa lishe anayetumia cheo cha “dietitian”. Lakini anayejiita “nutritionist” hatakiwi na sheria kuwa katika rejista yoyote, hata kama amekodi chumba kizuri na kuvaa koti jeupe. Mwanasaikolojia wa kliniki analindwa na sheria, ilhali neno “psychologist” peke yake liko huru, na washauri nasaha na wanaotibu kwa mazungumzo hawana baraza la kisheria. Hata “nurse” lenyewe, bila neno la kuonyesha kuwa amesajiliwa, halikuwa cheo kinacholindwa, na ni mwezi Mei 2025 tu ambapo serikali ilitangaza nia ya kulilinda. Nimewaona wazee wetu wakilipa pesa nyingi kwa watu wa namna hii kwa kuamini kwamba nchi hii haiwezi kumruhusu mtu afungue ofisi ya tiba bila kibali. Inaruhusu. Kwa kazi zisizo na baraza la kisheria, kuna mpango wa hiari ambapo chombo kiitwacho Professional Standards Authority huzikagua na kuziidhinisha rejista za vyama vya kitaaluma. Ni kinga dhaifu kuliko sheria, lakini ni afadhali kuliko kumwendea mtu asiyejulikana na yeyote.

Chombo hicho hicho ndicho kinachoyasimamia mabaraza yote 10, na kina mamlaka ya kupeleka rufaa mahakamani pale kinapoona jopo la baraza limetoa adhabu hafifu isiyowalinda wananchi. Mamlaka hayo yalitokana na sheria ya mwaka 2002, baada ya uchunguzi wa vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo mjini Bristol. Historia ya usimamizi huu imeandikwa kwa misiba. Mkubwa kuliko yote ni ule wa Harold Shipman, daktari wa familia katika mji wa Hyde, aliyetiwa hatiani Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa 15, na ambaye uchunguzi ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulibaini kwamba aliwaua watu 215. Mwaka 1976 mtu huyu alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa kughushi maagizo ya pethidini, dawa kali ya maumivu, na GMC haikumfuta. Baada ya ripoti za uchunguzi huo mengi yalibadilika. GMC, ambayo zamani ilidai shauri la daktari lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote kama kesi ya jinai, tangu mwaka 2008 inaamua kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, kama zinavyoamuliwa kesi za madai. Mwaka 2012 kazi ya kusikiliza mashauri ya madaktari ikakabidhiwa jopo linaloendeshwa kando na wachunguzi wa baraza. Nimeyataja haya kwa sababu kila mstari unaousoma kwenye rejista leo umelipiwa na wagonjwa ambao hawakuwa na pa kuuliza.

Pamoja na hayo, rejista ina ukimya wake, na mtumiaji anapaswa kuuelewa. Ukiona hakuna onyo wala sharti lolote mbele ya jina la mtu, hiyo haimaanishi kwamba hakuna malalamiko dhidi yake. Malalamiko yanayochunguzwa hayaonekani, isipokuwa pale ambapo jopo limetoa amri ya muda ya kumsimamisha au kumwekea masharti wakati uchunguzi unaendelea. Ninaelewa sababu yake: mtaalamu ana haki ya kutochafuliwa jina kwa tuhuma ambayo haijathibitishwa, na baadhi ya tuhuma hutoka kwa watu wenye chuki, wakiwemo wabaguzi wa rangi wanaowalenga wauguzi wetu. Lakini haki hiyo inategemea uchunguzi kufanyika upesi, na haufanyiki upesi. Ripoti huru kuhusu utamaduni wa NMC, iliyotolewa Julai 2024 chini ya uongozi wa Nazir Afzal, ilieleza mrundikano mkubwa wa mashauri, ubaguzi wa rangi ndani ya baraza lenyewe, na wauguzi waliokaa miaka mingi bila kujua hatima yao. Kucheleweshwa huko kunawaumiza watu wa pande mbili kwa wakati mmoja: muuguzi asiye na hatia anayesubiri akiwa hana amani, na mgonjwa anayehudumiwa na mtu ambaye huenda hakustahili kuwa kazini. Katika tathmini hii ninakata alama nyingi kwa sababu hiyo.

Kuna pia udhaifu wa mlangoni, nao ni kwamba rejista haiwezi kuwa safi kuliko nyaraka ilizopokea. Zholia Alemi alifanya kazi Uingereza kama daktari wa magonjwa ya akili kwa zaidi ya miongo miwili, akiwa ameandikishwa kwa shahada ya kughushi ya Chuo Kikuu cha Auckland. Yeyote aliyetafuta jina lake katika miaka hiyo angelikuta. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba Februari 2023, na kabla ya hapo, mwaka 2018, GMC ililazimika kuzipitia upya nyaraka za maelfu ya madaktari waliosajiliwa kwa njia ile ile ya usajili aliyoipitia yeye, ambayo ilikuwa imefutwa mwaka 2003. Leo milango ni mizito zaidi, kama wanavyojua ndugu zetu kutoka Kenya na Tanzania wanaoomba usajili wa NMC: baraza la nyumbani linatakiwa lithibitishe usajili wao, kisha kuna kipimo cha Kiingereza, mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo unaofanyiwa huku. Wengi huulalamikia mlolongo huo. Nawahurumia kwa gharama na usumbufu wanaoupata, lakini nikiwa mtu anayemuuguza mzazi, siwezi kusema ungelegezwa.

Nimefika kwenye jambo linalonisikitisha kuliko yote. Katika timu ile ya mama mkwe wangu, muuguzi nilimpata, wataalamu wa tiba niliwapata wote, na afisa ustawi wa jamii nilimpata. Wahudumu wa asubuhi na jioni sikuwapata popote, kwa sababu England haina rejista yao. Hawa ndio wanaomwona mgonjwa akiwa uchi, wanaojua funguo za nyumba zinawekwa wapi, wanaompa chakula mtu ambaye akimeza vibaya anaweza kupaliwa hadi kufa, na wanaokaa naye saa nyingi kuliko wataalamu wengine wote wakijumlishwa. Anayekuja mara chache kumnyoosha mguu, sheria inamdhibiti kwa namba, ada, masomo ya lazima na jopo la nidhamu. Anayemwogesha kila siku, sheria inamwachia mwajiri wake.

Hili si jambo lisilowezekana, kwa kuwa linafanyika ndani ya dola hiyo hiyo. Ukivuka mpaka ukaingia Wales, wahudumu wa majumbani wanalazimika kusajiliwa na Social Care Wales tangu mwaka 2020. Scotland na Ireland Kaskazini nazo zina mabaraza ya ustawi wa jamii yanayowaandikisha wahudumu na kusikiliza mashauri yao. Anayetoka Tanzania hatashangaa kuona nchi moja ikiwa na sheria mbili za afya, kwani Zanzibar na Bara zina mabaraza tofauti, afya ikiwa si suala la Muungano. Lakini huko kila upande una mabaraza yake, na hapa upande mkubwa kuliko yote ndio usio na kitu kwa wahudumu hawa. Wala haiwezi kusemwa kwamba England haikuonywa. Ripoti ya Robert Francis ya Februari 2013, kuhusu wagonjwa walioteseka katika hospitali ya Stafford, ilipendekeza waziwazi wasaidizi wa huduma za afya wawekewe mfumo wa usajili, na serikali ikachagua njia ya cheti cha mafunzo kisicho na nguvu ya rejista.

Nina sababu ya pili ya kulitaka jambo hili, nayo ni kwa ajili ya wahudumu wenyewe. Kati ya Februari 2022 na Julai 2025 England iliajiri wahudumu wengi kutoka nje kwa viza maalumu, na miongoni mwao wako watu wetu, baadhi yao wakiwa walimu au wauguzi huko walikotoka. Mhudumu mwenye usajili wake mwenyewe ana sifa anayohama nayo. Akiondoka kwa mwajiri mbaya, jina lake safi linaondoka pamoja naye. Asiye na usajili hana ushahidi zaidi ya barua ya mwajiri yule yule anayemkimbia. Nasikia wengine wakihofia kwamba rejista ingewaongezea ada na jopo la kuwahukumu, na hofu hiyo ina msingi ukizingatia mishahara yao ilivyo midogo. Wales na Scotland zimeanza na ada ndogo, na sioni kwa nini England ishindwe.

Kwa sasa, familia iliyo England ina njia mbili za kujilinda, na zote hazimfikii mtu mmoja mmoja kama inavyofanya rejista. Ya kwanza ni Care Quality Commission, inayokagua kampuni na makao ya wazee na kuyapa daraja, ripoti zake zikiwa wazi kwa wote. Soma ripoti yenyewe, usiishie kwenye daraja, na angalia tarehe ya ukaguzi kwa kuwa nyingine ni za miaka mingi iliyopita. Ya pili ni ukaguzi wa rekodi za jinai unaofanywa na Disclosure and Barring Service, ambayo pia hutunza orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watu wazima walio katika mazingira hatarishi. Orodha hiyo haionyeshwi kwa umma, hivyo unachoweza kufanya ni kuitaka kampuni ikuhakikishie kwa maandishi kwamba kila anayeingia nyumbani kwako amekaguliwa. Kampuni moja niliyoiuliza hivyo ilichukua muda mrefu kunijibu, na jibu lilipokuja halikutaja jina la mhudumu hata mmoja. Tulibadilisha kampuni.

Nikizipa alama, rejista ya GMC na ya NMC nazipa 4 kati ya 5 kama huduma kwa mtumiaji, na ya HCPC 3 kwa sababu ya namna inavyotafuta majina. Kasi ya uchunguzi wa malalamiko ya NMC, ambayo ni sehemu ya huduma hata kama haionekani kwenye ukurasa, siwezi kuipa zaidi ya 2. England, kwa wahudumu wa majumbani, haina cha kupewa alama. Mwenye mgonjwa nyumbani na aombe namba ya usajili siku ya kwanza, ailinganishe na kitambulisho, asome kama kuna masharti, na arudie kuangalia baada ya miezi kadhaa kwa sababu hali ya usajili hubadilika. Kwa mhudumu asiye na namba, aandike katika daftari jina lake kamili, kampuni iliyomtuma, na saa anayoingia na anayotoka, na daftari hilo likae mahali ambapo kila anayeingia chumbani atalikuta.